Kiuno cha Bolti

Kifaru,
3 Julai 2025

Kaka Eliezeri,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Magreth mu wazima huko Mhezi na baridi ya mwezi huu haijawamaliza. Sisi huku chini tunaendelea, vumbi tu ndilo linalotutawala. Koleta anakusalimu sana.

Nakuandikia kama ulivyoagiza. Juzi nilimpigia shemeji ili akufikishie maneno yangu, akasema hasimami tena kwenye kile kilima cha mtandao akupigie kelele sikioni kama anayefukuza nyani. Basi barua hii anayo Iddi dereva, atakukabidhi akipanda na gari lake kutoka Same.

Habari yenyewe ni njema. Baba mkwe ameamua kuniachia Tausi, ile boti yake ya matanga iliyoko bwawani Nyumba ya Mungu. Unaikumbuka, nyeupe, yenye chumba ndani na mlingoti mrefu, aliyoachiwa na yule Mzungu wa hoteli alipofunga virago. Mzee Sylvester magoti yamemchosha, hawezi tena kupanda na kushuka. Amesema heri imfae mume wa binti yake kuliko kuozea ufukweni. Bei aliyonitajia ni ya mkwe kabisa, na mimi nimeshauza pikipiki. Kaka, nimechoka kubeba watu mgongoni kwangu barabarani. Nitabeba maharusi na wageni juu ya maji, na Koleta atawapikia.

Wewe umekula ujana wako karakana ya meli Tanga. Niambie nitazame nini kabla ya kupeana mkono. Jamaa mmoja pale Mwanga alisema kitu cha kwanza ni bolti za mkuku. Sikutaka kuonekana mshamba, nikaitikia tu.

Mdogo wako,
Yusto

*

Mhezi,
11 Julai 2025

Mdogo wangu Yusto,

Marahaba. Tu wazima. Magreth anasema hakutaja nyani, alitaja ng'ombe.

Umefanya vizuri kuniuliza mimi na vibaya kumwitikia yule. Boti ya matanga si mtumbwi. Chini ya tumbo lake unaning'inia mkuku, pande zito la chuma. Upepo unapoilaza boti, uzito ule ndio unaoirudisha wima. Na kinachoushika mkuku usidondoke ni bolti chache tu, zimepita kwenye sakafu ya boti na kufungwa nati kwa ndani. Zikikatika, boti haizami polepole ukapata nafasi ya kusali. Inageuka tumbo juu, na aliyemo chumbani hatoki.

Sasa nisome vizuri. Ukiinua ubao wa sakafu ukachungulia ngama, yaani kule chini kabisa maji yanakokusanyika, utaona nati zinang'aa. Usifurahi. Bolti ya mkuku haiozi kichwani. Inaoza kiunoni, pale inapopita kati ya faiba ya tumbo la boti na chuma cha mkuku, mahali pasipoingia hewa wala jicho. Nimewahi kuvuta bolti yenye kichwa kizuri kama cha bwana harusi, kumbe kiuno kimebaki kama penseli. Ile boti ilikuwa inabeba familia kila wikiendi.

Kwa hiyo usiridhike na kugonga wala kutazama. Boti ikiwa imekaa imara juu ya magogo, fungua nati moja, uivute bolti yote itoke, uishike mkononi. Anza na ya nyuma kabisa, maana mkuku ukijigonga mahali, nyuma ndiko kunakoumia. Ukutapo kiuno kizima, rudisha, vuta nyingine. Kisha tazama kwa nje pale mkuku unapokutana na tumbo. Ukiona mstari wa kahawia unaochuruzika, hapo maji yameshaingia. Mwisho shika ncha ya mkuku kwa chini, uutikise. Ukicheza kama jino la mtoto, mshukuru Mzee kwa ukarimu wake, urudi nyumbani.

Pikipiki ungeiuza baadaye.

Kaka yako,
Eliezeri

*

Kifaru,
20 Julai 2025

Kaka Eliezeri,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, na Koleta kaisoma baada yangu. Aliirudia mara mbili, na usiku akaamka kuisoma tena. Nadhani umemtia hofu bure na yale mambo yako ya penseli.

Tausi ipo juu ya magogo, maana bwawa limeshuka mwaka huu. Nimeinua ubao, nimeona nati. Zinang'aa kweli, na pembeni zimezungushiwa silikoni mpya. Mkuku sikuutikisa. Mstari wa kahawia upo kidogo, upande wa nyuma. Baba mkwe anasema ni tope la bwawa.

Tatizo langu ni moja. Kila ninapokwenda ufukweni yupo, ameketi kwenye kiti chake cha turubai, ananitazama kwa furaha kama aliyenizaa. Nitamwambiaje, Mzee sogea nivunje sakafu nione kama unaniuzia jeneza? Wewe ndiye uliyekuwa mshenga wangu. Wewe ndiye uliyeniambia, siku ile tunapanda Ugweno kuposa, kwamba mkwe akikukaribisha chakula hufunui sufuria kabla hajafunua yeye. Leo unataka nikafunue mbele yake, kwa spana?

Nisaidie njia nyingine ya kujua.

Yusto

*

Mhezi,
27 Julai 2025

Yusto,

Njia nyingine haipo. Ingekuwepo ningeitumia mimi nisiumize mgongo miaka yote ile.

Tope halichuruziki, mdogo wangu. Tope linakauka na kubanduka. Lifute kwa kitambaa, usubiri, urudi. Ukiukuta mstari umerudi, ile ni kutu inatoka ndani. Na silikoni mpya kwenye boti ya zamani inanipa wasiwasi kuliko mstari wenyewe. Nani aliipaka, na alikuwa anaziba nini?

Kuhusu sufuria, ni kweli nilikuambia hivyo, na sijutii. Lakini heshima ni ya mkwe, nati ni ya boti. Chuma hakijui wewe umeoa kwa nani. Mwambie Mzee kwamba kaka yako ni mtu msumbufu, kiziwi, mbishi, hatakupa amani mpaka avute bolti moja. Nitupie mimi lawama yote, nina kifua kipana.

Kabla ya hapo usiiteremshe majini.

Eliezeri

*

Kifaru,
2 Agosti 2025

Shemeji Eliezeri,

Shikamoo. Utashangaa kuona mwandiko wangu. Yusto hajui kama nimekuandikia, na nakuomba asijue.

Uliuliza ile silikoni ilipakwa ya nini. Mwaka juzi, bwawa lilipokuwa limepungua kama hivi, nilitoka na Baba na wageni wake. Tulikuwa tunakwenda kasi. Unajua chini ya bwawa lile kuna miti iliyokufa tangu maji yalipofungwa, visiki vimesimama tu humo. Tuligonga. Sikuwahi kusikia mlio kama ule, boti nzima ilitikisika na mimi nilianguka magoti. Wageni walicheka wakidhani ndiyo mchezo wenyewe. Tuliporudi kulikuwa na maji chini ya sakafu. Baba alimwita fundi wa mabomba, akaziba, akapaka rangi, na maji hayakuonekana tena. Baba aliamini imepona. Ameitumia baada ya hapo bila shida.

Sijamwambia Yusto. Binti hapeleki kasoro za baba yake chumbani kwa mumewe, ndivyo mama alivyotulea, na ningeanzaje? Ataona Baba anamtupia mzigo mbovu. Na Baba akijua nimesema, ataona nimemuuza kwa watu wa mume wangu. Lakini toka nisome barua yako ya kwanza silali vizuri. Nikimwona Yusto anavyopiga mluzi akisugua ile boti, nageuka narudi nyumbani.

Wewe ni mshenga wetu. Tafuta njia, ila jina langu lisiwemo.

Shemeji yako,
Koleta

*

Kifaru,
6 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Pumzika sasa. Nimevuta bolti.

Jana Baba mkwe alikwenda Mwanga hospitali kwa ajili ya magoti, nikapata nafasi. Nilifungua ya nyuma kama ulivyosema. Ilitoka safi, inang'aa, haina shida yoyote. Nikairudisha nikaikaza. Basi hayo ya kutu na visirani yaishe, tumalizane na Mzee kwa furaha.

Yusto

*

Mhezi,
14 Agosti 2025

Mzee wangu Sylvester,

Shikamoo Mzee. Nakuandikia kama mshenga uliyempokea nyumbani kwako Ugweno ukamkalisha kwenye kigoda chako mwenyewe. Heshima ile sijaisahau, na ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema moja kwa moja.

Umemtendea wema mdogo wangu kwa kumwachia Tausi. Mimi nimefanya kazi ya boti maisha yangu yote, na kazi hiyo imenifundisha woga. Boti yoyote iliyozeeka, hata ingekuwa ya baba yangu mzazi, nisingepanda kabla sijazivuta bolti za mkuku na kuviona viuno vyake. Yusto anaona haya kukuomba. Mimi naomba badala yake. Naomba ruhusa yako nije na spana zangu, nizivute mbele ya macho yako, na kama kuna iliyochoka nitaibadilisha kwa mikono yangu bila malipo.

Tena kama boti iliwahi kugonga chini siku yoyote, hata kidogo, naomba uniambie. Bwawa lile lina visiki na hakuna nahodha asiyewahi kugusa.

Nasubiri neno lako. Mpaka hapo naomba isiteremke majini.

Wako katika ukwe,
Eliezeri

*

Kifaru,
22 Agosti 2025

Mshenga wetu Eliezeri,

Marahaba mwanangu. Barua yako imenifika. Sitakuficha, mwanzoni ilinichoma. Nililaza miwani mezani nikasema, kumbe watu wa Mhezi wananiona tapeli. Halafu nikaisoma tena, nikaona ni barua ya mtu mwema.

Ulichouliza ni kweli. Iligonga kisiki mwaka juzi. Sikuwa nimeficha, nilikuwa nimesahau, au niseme nilijisahaulisha, maana iliogopesha. Nilizibiwa na maji yakakoma, nikafikiri imekwisha. Barua yako ilinirudishia ule mlio. Nikaamua kukungoja wewe uje, boti isiguswe.

Nikamwita Yusto nikamweleza: kaka yako ana mashaka, na mimi sasa ninayo pia. Kijana akainamisha kichwa, akasema, Baba, mimi mwenyewe nimeshazifungua kwa mikono yangu, zote, na zote ni nzima, nilifanya kimyakimya nisikuvunjie heshima. Nikampa mkono. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kumbe nilipata mkwe mwenye akili na adabu kwa pamoja.

Kwa hiyo moyo wangu umetulia. Karibu utembee wakati wowote, ila usijisumbue na spana. Maji ya bwawa yamepanda kidogo kwa kuwa huko juu mtoni wamefungulia maji, na vijana wameshaisukuma Tausi kutoka kwenye magogo. Inaelea vizuri.

Mzee wako,
Sylvester

*

Kifaru,
28 Agosti 2025

Kaka,

Sijui nianzie wapi. Umeniumbua. Nilikuomba njia, sikukuomba unipite mlangoni uende kumshtaki mkwe wangu kwake mwenyewe. Aliponiita nilidhani ananipa funguo. Kumbe ananionyesha barua yako. Mzee wa watu, aliyenipa binti na sasa ananipa kazi, anasimama mbele yangu kama anayejitetea barazani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimepiga simu yako mara mbili kwa hasira, kisha nikakumbuka husikii. Na shemeji akipiga sipokei. Sina la kumwambia mama wa watu.

Lakini nitaisafisha. Unajua desturi ya nyumba yetu. Mtu akishuku kinywaji cha mkwe, mwenye shaka ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya watu, na neno linafutika. Babu alifanya hivyo, Baba alifanya hivyo. Wewe umeshuku na wewe ni damu yangu, basi kunywa ni juu yangu. Jumapili hii baada ya ibada natoka na Tausi, mimi na Baba mkwe, mpaka upande wa pili na kurudi. Watu wote wa ufukweni wataona. Yeye amekubali kwa furaha, amesema atakaa chumbani apumzishe magoti. Koleta ametaka kuja nikamkatalia, ametapika asubuhi mbili, nadhani unajua maana yake.

Tukirudi nitakuandikia, na hasira zitakuwa zimeisha.

Yusto

*

Mhezi,
29 Agosti 2025

Yusto,

Barua ya Mzee Sylvester imenifikia jana. Yako yoyote baada ya ile ya bolti sijaipata.

Nilijua tangu siku ile kwamba hukuvuta kitu. Mtu aliyevuta bolti ya mkuku haandiki mistari mitatu. Anaandika jinsi nati ilivyogoma, jinsi alivyotafuta bomba la kuongeza nguvu kwenye spana, jinsi mikono ilivyochubuka. Na hata siku moja haachi kutaja kiuno. Wewe umeniambia imeng'aa, na kung'aa ni habari ya kichwa tu. Kunidanganya mimi nilikuachia, nikasema ni utoto, nitapitia kwa Mzee. Sikujua utauchukua uongo uleule ukamuuzie yeye. Yeye alikuwa ameshaogopa, Yusto. Alikuwa ameshaamua kuningoja. Wewe ndiye uliyemtoa woga.

Nilitaka Magreth ampigie Mzee leo amweleze. Nikafika naye mpaka kilimani, nikamwambia tushuke. Neno kama hilo, kwamba mkwe wake ni mwongo, halisemwi kwa simu, tena kwa mdomo wa mke wangu. Wewe hupokei. Nitakuja mwenyewe, tutalimaliza sisi wawili, na Mzee hatajua chochote zaidi ya kwamba kaka yako ni mbishi. Ningeshuka kesho, lakini kesho ni Sabato, na Jumapili Iddi hashuki. Jumatatu mapema nitakuwa Kifaru na spana zangu.

Boti isifunguliwe kamba. Nakuomba kama ninavyoomba uzima.

Eliezeri

*

Kifaru,
14 Septemba 2025

Shemeji Eliezeri,

Shikamoo. Nakushukuru kwa siku zote ulizokaa nasi msibani, na kwa kulibeba jeneza la Baba mpaka juu Ugweno na mgongo wako ule. Tulikuwa na watu wengi mno, hatukuweza kuongea, na nisingeweza kukuambia haya kwa kupaza sauti. Ndiyo maana naandika.

Yusto hasemi. Anakula nikimpa, analala nikimwambia. Aliongea mara moja tu. Alisema upepo wa mchana ulivuma kutoka Simanjiro kama kila siku, haukuwa wa ajabu. Boti ililala, na ilipotakiwa kuinuka alisikia chini kitu kinakatika, kisha kingine. Yeye alirushwa nje. Baba alikuwa chumbani na mlango aliufunga kwa sababu ya upepo wenyewe. Kisha Yusto akaniambia kwamba hakuwahi kufungua hata nati moja. Tangu hapo hajasema.

Wavuvi wameivuta boti kwa kamba, wameirudisha kwenye magogo. Ukiitazama, mkuku umekaa mahali pake kama kawaida, hakuna wa kujua. Kaka zangu wanauliza ilikuwaje. Kaka Natanaeli amesema hawataki maneno ya ufukweni, wanataka neno la mshenga, maana wewe ni fundi na ni wa pande zote mbili. Ukisema upepo, wataamini. Ukisema bolti, watakumbuka kwamba Yusto alimhakikishia Baba, na Baba aliwasimulia wote kwa majivuno. Hawatamwacha. Na wakimwacha, watu watasema Baba aliuza boti mbovu kwa mkwewe, na Baba hayupo kujibu.

Nina mimba shemeji. Sitaki mtoto wangu azaliwe katikati ya hayo. Nakupigia magoti. Sababu iwe upepo.

Koleta

*

Ugweno,
6 Oktoba 2025

Mshenga wetu Eliezeri,

Shikamoo. Ni mimi Natanaeli, kaka yake Koleta. Kwa niaba ya ndugu zangu nakushukuru kwa ile siku uliyokuja kukagua Tausi. Tulikuona ukiwa peke yako ndani ya ile boti tangu asubuhi, na ulipotoka ukasema ulikuwa upepo, tulilia lakini mioyo ilitua. Nilikuuliza kama boti yenyewe ni nzima, nawe ukaitikia kwa kichwa. Hilo lilitufariji zaidi, maana Baba aliipenda.

Tumeona isikae kama mzoga. Tumeikausha, tumepaka rangi, tumenunua tanga jingine. Jumapili hii, tarehe kumi na mbili, tunafanya arobaini ya Baba palepale bwawani. Familia itapanda, itakwenda mpaka pale alipotutoka, tuweke maua juu ya maji. Wajukuu wameandaa wimbo, nao watakuwa ndani. Koleta alikataa, nikamwambia mtoto wa marehemu hawezi kubaki ufukweni siku kama hiyo, amekubali. Yusto tumemwomba aongoze, ndiye pekee anayejua tanga. Hakusema ndiyo wala hapana, lakini jana alikuwa kwenye boti akipanga kamba.

Karibu sana. Nafasi yako ipo.

Natanaeli

*

Kifaru, ufukweni,
12 Oktoba 2025

Natanaeli, pamoja na ndugu zako wote,

Barua hii nimeileta mwenyewe mkononi. Ningesema kwa mdomo, ila mkianza kunijibu sitasikia, na mtu asiyesikia ni rahisi kusukumwa pembeni. Naomba mmoja wenu asome kwa sauti, mpaka mwisho, kabla ya mtu yeyote kufungua kamba.

Haukuwa upepo. Siku ile nilifungua nati ya nyuma kabisa, nikaivuta bolti. Ilitoka nusu. Nusu ya pili imebaki ndani ya chuma, na mahali ilipokatika palikuwa pameoza siku nyingi, wembamba wa kidole cha mtoto mchanga. Nikavuta ya pili, nayo hivyohivyo. Mkuku ule unashikwa na bolti za mbele tu, nazo zimeshapinda. Nilirudisha vichwa mahali pake nikavikaza kwa vidole ili msione. Kisha nikatoka nje nikasema nililosema, na uliponiuliza kama ni nzima, nikaitikia. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kukipitisha chuma kibovu, mpaka siku ile. Nilidhani boti ile haitaguswa tena. Nilidhani nawasitiri wafu na walio hai.

Marehemu baba yenu hakumdanganya mtu. Boti iligonga kisiki mwaka juzi, aliniambia mwenyewe kwa barua, na alikuwa na nia ya kuningoja. Barua yake ninayo, nitawapa. Yusto alimwambia amezifungua bolti na hakuzifungua. Hakuwa na ubaya. Aliona haya kumshuku mkwe wake, na haya ile ilimla. Mimi nilijua kwamba ameongopa kabla Mzee hajapanda. Nilikuwa na simu, na nilikuwa na mke wa kuisemea. Niliona aibu kumwanika mdogo wangu, nikasema nitakuja Jumatatu.

Hakuna aliyenituma kusema ni upepo. Uongo ule ni wangu peke yangu, na msimuulize mtu mwingine.

Mtakalomfanyia Yusto siwezi kulizuia. Yeye ameoa kwenu na mimi ndiye niliyemleta, kwa hiyo mwenye neno na alianze kwangu. Kama ushenga wangu umekufa leo, nimekubali.

Eliezeri

Naongeza haya nikiwa hapahapa kwenye mchanga. Nimekuta mmeshawapandisha watoto, nawaona dirishani mwa chumba wakiimba. Koleta yuko nao. Washusheni kwanza, wote, ndipo mje kwangu.